Marupurupu yanayolinda afya yako: Yajue kabla ya kutia sahihi

Mtu akipata barua ya kuajiriwa, macho yake hukimbilia mstari mmoja tu, ule wa mshahara. Akishaona idadi ya shilingi hutia sahihi mbio, kabla mwajiri hajabadili nia. Kurasa zinazofuata, zile za maandishi madogo kuhusu matibabu, likizo, saa za kazi na malipo ya uzeeni, hukunjwa na kuwekwa sandukuni. Hufunguliwa siku mtoto anapolazwa, mke anapokaribia kujifungua au mashine inapokata kidole. Siku hiyo mara nyingi huwa mtu amechelewa.

Waulize wafanyakazi waliodumu mahali pamoja kwa miaka mingi, wawe wa kiwandani Industrial Area, wa bandarini Mombasa au wa benki katikati ya jiji, ni kitu gani kinachowafanya wasihame. Ni nadra kumsikia anayetaja karamu ya Desemba. Utasikia habari za bima iliyolipa upasuaji wa mama watoto, za msimamizi aliyekubali mtu ajiuguze hadi apone, na za likizo isiyoguswa. Kwa maneno mengine, marupurupu yanayothaminiwa zaidi ni yale yanayomlinda mtu na jamaa yake wakati mwili unapokataa.

Makala haya yatakueleza marupurupu hayo, yapi ni haki yako kisheria, yapi ni hisani ya mwajiri, na jinsi kila moja linavyogusa afya yako.

MSHAHARA MKUBWA SI LAZIMA UWE BORA

Tuseme umeitwa kazi mbili. Ya kwanza inalipa Sh45,000 kwa mwezi bila bima yoyote ya ziada. Ya pili inalipa Sh38,000, lakini mwajiri anakulipia bima ya matibabu wewe, mwenzi wako na watoto. Tofauti ni Sh7,000 kwa mwezi, yaani Sh84,000 kwa mwaka kabla ya makato. Ni pesa nyingi. Lakini kujifungua mara moja kwa upasuaji katika hospitali ya kibinafsi jijini kunaweza kuzimeza zote na kudai nyingine. Mwenye watoto wadogo, au mwenye mzazi katika ukoo aliyeugua kisukari au shinikizo la damu, afanye hesabu hii mara mbili kabla ya kuchagua.

Hesabu hiyo huwa rahisi ukijua kutenganisha haki na hisani. Sheria ya Ajira ya 2007 imeweka kiwango cha chini ambacho kila mwajiri nchini Kenya ni lazima akitimize. Sheria hiyo inasema wazi kwamba makubaliano yoyote ya kupunguza kiwango hicho ni batili. Hivyo basi, hata kama ulitia sahihi karatasi inayosema hutapewa likizo, karatasi hiyo haina nguvu. Mwajiri anaweza kukuongeza juu ya kiwango cha sheria, lakini hawezi kukushusha chini yake.

Kibarua naye asijitoe katika somo hili. Anayelipwa kwa siku lakini akafanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria humhesabu kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Akitimiza miezi miwili, hupata haki ambazo angepata kama hangeanza kwa kibarua. Na yaya anayelea watoto wako nyumbani ni mwajiriwa kama wewe.

MATIBABU

Anza na lile unalokatwa. Tangu Oktoba 1, 2024, iliyokuwa NHIF, ambayo iliundwa mwaka wa 1966, iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300. Anayelipwa Sh40,000 basi hukatwa Sh1,100. Mwajiri haongezi chochote juu yake. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mwajiri akijigamba kwamba “kampuni yetu inawalipia wafanyakazi SHA,” fahamu kwamba hilo si rupurupu. Ni pesa zako mwenyewe.

Lililo muhimu ni kuhakikisha kwamba pesa hizo zinafika. Makato kuonekana kwenye hati yako ya malipo hakuthibitishi kwamba yamewasilishwa. Piga *147# kwenye simu yako uangalie, na uthibitishe vilevile kwamba majina ya mwenzi wako na watoto yameandikishwa. Usingoje mpaka ufike kwenye dirisha la hospitali saa nane za usiku ukiwa na mtoto anayetetemeka kwa homa ndipo utambue kwamba jina lake halimo.

Pili, Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ahakikishe kuna dawa za kutosha kwa mfanyakazi anapougua na, inapowezekana, apate huduma ya daktari ugonjwa ukiwa mkali. Wengi hawajui kwamba kipengele hiki kipo.

Tatu ni bima ya kibinafsi, ambayo ndiyo hisani hasa. Hapa usitosheke kuambiwa “tuna bima.” Uliza je, inalipia kulazwa peke yake, au hata kumwona daktari na kurudi nyumbani? Je, kiasi kilichowekwa ni cha kila mtu, au mnagawana jamaa nzima? Uzazi umo, na kwa kiasi gani? Meno na miwani je? Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuajiriwa unakubaliwa, au kuna muda wa kungoja? Ni hospitali gani zinazopokea kadi hiyo, na iliyo karibu na kwako imo? Je, kila ukienda kwa daktari kuna pesa unazotoa mfukoni? Na siku ukiacha kazi, bima inakoma siku hiyo hiyo au mwisho wa mwezi? Mwenye ugonjwa wa kudumu kama vile pumu au kisukari asione haya kuuliza. Dawa za kila mwezi ndizo humaliza mfuko polepole, kuliko kulazwa mara moja.

Kazini kukiwa na uchunguzi wa afya wa kila mwaka, usiukwepe. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu anaweza kutembea nalo miaka mingi bila kuumwa kichwa hata siku moja, kisha likamwangusha kwa kiharusi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi zikipimwa siku tofauti, huo ni ugonjwa unaohitaji matibabu. Kupima sukari, na kwa wanawake kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, hugundua mapema maradhi ambayo yakichelewa hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, au maisha.

Wengine hukwepa uchunguzi kwa kuogopa kwamba mkubwa atajua siri zao. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Daktari wa kampuni anaweza kumwambia mwajiri kama unaifaa kazi fulani au huifai, lakini hana ruhusa ya kumsomea faili yako. Na tangu sheria ya ukimwi ya 2006, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha mtu kupimwa virusi kama sharti la kupewa kazi. Sheria ya Ajira nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ana virusi hivyo.

RUHUSA YA UGONJWA

Baada ya miezi miwili ya kazi, una haki ya siku 7 za kujiuguza kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini. Waajiri wengi, hasa penye mikataba ya vyama vya wafanyakazi, hutoa zaidi. Soma barua yako uone.

Sharti lake ni cheti cha daktari aliyehitimu, na kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Usipuuze jambo hili. Kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa linaloweza kukufutisha kazi papo hapo. Mgonjwa wa kweli aliyekaa nyumbani bila kutuma hata ujumbe wa simu anaweza kuhesabiwa kama mtoro. Ukishindwa mwenyewe, mtume ndugu au jirani, na cheti kikipatikana baki na nakala yake.

Kwa nini siku hizi ni muhimu kiafya? Chukua kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida humeza dawa kwa miezi sita, lakini uwezo wake wa kuwaambukiza wengine hushuka sana baada ya wiki mbili hivi za matibabu yanayofaa. Mfanyakazi anayeogopa kukatwa mshahara akaendelea kuketi katika chumba kilichofungwa madirisha, akikohoa kati ya wenzake ishirini, huenda akaondoka na mshahara kamili na kuwaachia wenzake maradhi. Mwajiri anayempumzisha mgonjwa mmoja anawalinda ishirini.

SAA ZA KAZI NA LIKIZO

Hapa ndipo Wakenya wengi hujidanganya. Kuna mtu anayejivunia kwamba hajachukua likizo kwa miaka mitatu, na kuna mkubwa anayemsifu kwa hilo. Moyo wake haumsifu.

Mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa uchunguzi wa pamoja kuhusu saa ndefu za kazi. Yalikadiria kwamba mwaka wa 2016 watu 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, watu hao walikuwa na hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Sababu ni mbili. Kwanza, mwili ulio katika mbio daima humwaga homoni zinazopandisha shinikizo la damu. Pili, mtu asiye na nafasi hulala kidogo, hula ovyo, hakai na jamaa yake, na hujituliza kwa sigara au pombe.

Sasa linganisha na hapa kwetu. Amri ya jumla ya mishahara nchini imeweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 katika siku sita. Saa za ziada zikihesabiwa, mfanyakazi wa mchana hapaswi kupita saa 116 katika wiki mbili mfululizo. Gawanya kwa mbili upate saa 58 kwa wiki. Hii ina maana kwamba unaweza kuwa ndani ya sheria kabisa na ukawa umevuka mpaka ambao madaktari wanauhofia. Na bado hatujahesabu ile safari ya matatu kutoka Rongai au Githurai, unayoianza kabla ya jogoo kuwika na kuimaliza watoto wamelala.

Kwa hiyo, mtu akikupa kazi yenye mshahara sawa lakini saa chache, au inayokuruhusu kuingia saa tatu ukakwepa msongamano, usilidharau jambo hilo. Saa moja ya usingizi kila siku ni rupurupu. Saa za ziada nazo zina bei yake. Kwa siku za kawaida hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, na kwa siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Mwajiri anayekuweka hadi usiku bila malipo anakuibia pesa na afya kwa pamoja. Aidha, ni lazima upate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Wanaofanya kazi za usiku wana mzigo zaidi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, kwanza mwaka wa 2007 na tena mwaka wa 2019. Walinzi, wauguzi na wafanyakazi wa viwandani waulize zamu zinapangwaje, na kama kuna gari la kuwarudisha nyumbani. Ukilala mchana, tia pazia zito dirishani na uwaombe jamaa wakuhifadhie saa hizo kama vile wangekuhifadhia usiku.

Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Hesabu ni siku 1.75 kwa kila mwezi, ndiyo maana anayeondoka kabla ya mwaka kwisha, mradi ametimiza miezi miwili, hulipwa sehemu yake. Mwajiri anaweza kuigawanya likizo hiyo kwa idhini yako, lakini sehemu moja ni lazima iwe na wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Sharti hilo lina busara. Siku za kwanza za likizo mwili bado uko afisini, na ni baada ya siku kadhaa ndipo usingizi na shinikizo la damu huanza kutulia. Likizo ya siku mbili mbili, simu ya mkubwa ikilia kila saa, haimpumzishi mtu.

UZAZI NA KUNYONYESHA

Mama aliyejifungua ana haki ya miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Tangu 2021, anayemlea mtoto kwa njia ya kuasili naye hupewa mwezi mmoja. Likizo hii haipunguzi likizo ya mwaka. Mama akirudi ana haki ya kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa isiyo duni kuliko ya kwanza. Kumfuta kazi mwanamke kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria.

Lakini kuna pengo la miezi mitatu. Wataalamu wa afya wanapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi sita ya kwanza. Mama anaitwa kazini mtoto akiwa wa miezi mitatu. Nusu ya pili ya kipindi hicho itakuwaje? Wengi huanza uji au maziwa ya mkebe mapema, mtoto akaanza kuharisha, na mama akaanza kuomba ruhusa kila wiki.

Sheria ya Afya ya 2017 ilijaribu kuziba pengo hili. Inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye faragha na usafi, wala si chooni. Vilevile inampa mama anayenyonyesha nafasi za kufanya hivyo, mbali na muda wa chakula, zisizozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Muda wa kwenda chumbani na kurudi umo ndani ya saa hiyo.

Mama anayejiandaa kurudi kazini aanze kujizoeza kukamua wiki mbili hivi kabla. Nawa mikono kwa sabuni, na utumie chombo safi chenye kifuniko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne mahali penye ubaridi wa kawaida wa chumba, usiozidi nyuzi 25. Penye joto kama la Mombasa au Kisumu ni heri yawekwe kwenye friji mara moja. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Andika tarehe juu ya chombo, na yule anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe safi kidogo, kwani chupa ni ngumu kusafisha vizuri.

Mwajiri asione hii kuwa hasara. Mtoto asiyeugua ana mama asiyekosa kazini. Meza moja, kiti, pazia, sinki na friji ndogo havifikii gharama ya kumfunza karani mpya badala ya yule aliyeacha kazi kwa sababu ya mtoto.

AJALI KAZINI

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, inayojulikana kama WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wanaoumia. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii mnamo Desemba 2019. Ukiumia ukiwa kazini, mwajiri ana wajibu wa kukupa huduma ya kwanza, kukufikisha hospitalini na kulipa gharama ya matibabu. Huhitaji kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa asilimia, na msingi wa hesabu ni mapato ya miezi 96. Kwa mfano, anayepata Sh30,000 kwa mwezi, miezi 96 ni Sh2,880,000. Daktari akikadiria ulemavu wake kuwa asilimia 10, fidia ni Sh288,000. Sasa fikiria yule anayepewa Sh20,000 “ya chai” na kuambiwa asiseme. Anapoteza kidole, na anapoteza pesa ambazo zingemfungulia biashara.

Ukiumia, fanya mambo manne. Mwarifu msimamizi siku hiyo hiyo, na uhakikishe imeandikwa. Nenda hospitalini na uhifadhi kila karatasi. Andika majina ya walioshuhudia. Fuatilia kama mwajiri amepeleka ripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, kwani ana siku saba tu baada ya kuarifiwa. Dai likipita miezi 12 tangu ajali hukabiliwa na matatizo. Mali bila daftari huisha bila habari, na ndivyo ilivyo haki bila karatasi.

Sumu na kelele huumiza polepole, bila damu kumwagika. Kanuni za 2005 zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane. Njia rahisi ya kupima ni hii: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo inaua masikio. Masikio yaliyokufa kwa kelele hayafufuki. Dai vizibo vya masikio, glavu, viatu na miwani kulingana na kazi yako, kisha uvivae. Vifaa vinavyoning'inia ukutani havimlindi mtu.

AKILI NA HESHIMA

Kuna marupurupu yasiyoandikwa popote. Kuanzia mwaka wa 1967, watafiti waliwachunguza wanaume wapatao 18,000 waliofanya kazi za serikali jijini London. Hawa walikuwa watu wa afisini, si wachimba migodi. Hata hivyo waliokuwa ngazi ya chini walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao, na sigara peke yake haikutosha kueleza tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 kwa watu 10,308 wakiwemo wanawake, ulionyesha kwamba wasio na uwezo wa kuamua chochote kuhusu kazi yao walikuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Maana yake ni kwamba mkubwa anayekuruhusu kupanga kazi yako, anayekueleza sababu ya amri, na asiyekufokea mbele ya wenzako, anakusaidia moyo kwa maana halisi ya neno hilo. Mnamo 2022 WHO na ILO yalikadiria kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya huzuni kubwa na wasiwasi. Usingizi ukikutoroka kwa wiki mbili, hamu ya chakula ikikwisha, au ukianza kuona maisha hayana maana, usiseme ni uvivu. Huo ni ugonjwa kama malaria, na cheti cha daktari kinaufaa vilevile. Uliza kama bima yako inalipia mshauri.

VITU VIDOGO

Maji safi ya kunywa kazini ni haki, wala si zawadi. Sanduku la huduma ya kwanza vivyo hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka pia pawe na viti kwa wale ambao kazi yao inawapa nafasi ya kuketi. Msichana wa dukani anayesimama kutwa ilhali hakuna mteja ana haki ya kiti, na miguu yake na mishipa yake itamshukuru. Penye wafanyakazi 20 au zaidi ni lazima kuwe na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi wana wawakilishi wao.

Chakula cha bure nacho ni kizuri, lakini kitazame. Chai ya vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku, na mandazi juu yake, ni rupurupu linaloleta kisukari. Ombeni matunda na maharagwe.

MWISHO WA SAFARI

Uzee ukikukuta bila chochote, dawa zitakushinda. Kwa hiyo akiba ya uzeeni ni jambo la afya. Katika NSSF, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, wewe hutoa asilimia 6 ya mapato yanayohesabiwa na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine. Hapa mwajiri anakuongezea kweli. Mwajiri mwenye mpango wake wa ziada wa malipo ya uzeeni anakupa zawadi ambayo utaithamini ukiwa na miaka 70. Ukibadilisha kazi, usiitoe akiba hiyo yote ukanunulia gari kuukuu.

UKINYIMWA JE?

Anza kwa mazungumzo ya upole na meneja wa wafanyakazi, kisha uandike barua na kubaki na nakala. Likishindikana, mwone mwakilishi wa chama chako, au uende katika afisi ya leba ya kaunti yako. Mambo ya mashine, kemikali na ajali yapeleke kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Mwisho kabisa ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, na kwa kawaida kesi hupaswa kufikishwa huko ndani ya miaka mitatu.

Wengi hunyamaza kwa hofu ya kufutwa. Kazi ni adimu, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini jua kwamba sheria haikubali kulalamika kwa sababu za haki, kwenda likizo unayostahili, wala kupata mimba, kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi. Na mara nyingi sauti ya watu kumi husikika penye kelele ambayo sauti ya mmoja imezama.

Jioni ya leo, itoe ile barua ya kazi sandukuni. Isome kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa na kalamu. Weka alama penye matibabu, ugonjwa, likizo, uzazi, ajali na uzeeni. Pasipo na kitu, andika swali. Kesho asubuhi lipeleke swali hilo kazini, ukiwa mzima na ukiwa na nafasi ya kungoja jibu.